Mtoro, Mkimbizi, Mhalifu: Mashaka ya Sheria ya Kurejeshana Watu katika Mipaka ya Afrika ya Mashariki

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la historia ya sheria ambalo wataalamu wa lugha wamewaachia wanasheria, ilhali kiini chake ni cha lugha. Mtu anapovuka mpaka akiwa anatafutwa na serikali aliyoikimbia, serikali hiyo hudai arudishwe. Serikali iliyompokea nayo hujiuliza: huyu ni nani? Akiwa mhalifu, atarudishwa. Akiwa mkimbizi wa siasa, atahifadhiwa. Akiwa mtoro wa bwana wake, jibu litategemea kama serikali hiyo inautambua utumwa au haiutambui. Mtu ni yule yule, na alilolitenda ni lile lile. Jina peke yake ndilo linalobadilika, na jina hilo ndilo linaloamua kama ataishi au atanyongwa.

Hoja yetu ni kwamba mashaka ya kisheria yaliyozikabili dola za kikoloni katika jambo hili hayakuwa hasa mashaka ya taratibu, yaani hati gani itumwe na nani aitie sahihi. Taratibu zilikuwapo tangu mapema. Mashaka yalikuwa juu ya kumpa mtu jina, na juu ya nani mwenye haki ya kumpa jina hilo. Tutaanzia Kisegi na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, ambako mpaka uliwakuta watu waliokwisha kuwa na desturi zao za kupokea wageni. Kisha tutaeleza masharti ya sheria yenyewe, na kuyapima kwa visa vitatu vya miaka ya 1896 na 1897 vilivyozihusu Uingereza na Ujerumani. Kutoka hapo tutapita katika enzi ya utawala mmoja wa Kiingereza na miaka ya uhuru, na kumalizia na suala la istilahi, ambalo linatuhusu sisi wenyewe.

2. Mstari uliofika ziwani

Kisegi iko katika nchi ya kando ya Ziwa Viktoria, pande za Homa Bay na Migori, ambako Wasuba na Waluo wamechanganyika kwa vizazi vingi hata Kiluo kikawa lugha ya wengi. Masimulizi ya baadhi ya koo za Wasuba yanasema kwamba wazee wao walitoka upande wa Buganda na visiwa vyake katika karne ya 18, wakavuka ziwa kwa mitumbwi wakikimbia fitina za kugombea ufalme. Henry Okello Ayot, katika kitabu chake cha historia ya Waluo-Abasuba kilichotolewa mwaka 1979, ameyachunguza masimulizi haya kwa urefu. Kwa makala yetu inatosha kuona kwamba watu wa ufuko huu wanaikumbuka asili yao kuwa ni ya wakimbizi. Laiti Kabaka wa zama hizo angekuwa na mkataba wa kurejeshana wahalifu na wenyeji wa ng'ambo ya ziwa, pengine baadhi ya koo hizi zisingekuwapo.

Wenyeji wa nchi hiyo hawakukosa kanuni za kumpokea mtu aliyekimbia kwao. Katika Kiluo, mtu anayekaa katika ardhi ya ukoo usio wake huitwa jadak, na wengi wao jodak. Jadak hupewa mahali pa kujenga na pa kulima. Hana haki zote za mwenye ardhi, na anatazamiwa kuwaheshimu na kuwaunga mkono wenyeji wake. Kwa maneno mengine, hifadhi ilikuwa uhusiano wenye wajibu wa pande mbili. Waswahili nao husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumiwa kumkejeli mgeni mvivu, lakini ndani yake mna kanuni: anayepewa jembe amekwisha kuingizwa katika jamii, na si rahisi tena kumtoa.

Juu ya nchi ya namna hiyo ndipo ulipochorwa mpaka. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa mto Umba, ukazunguka kaskazini mwa Kilimanjaro, hata mahali ambapo digrii moja kusini mwa ikweta inaukuta ufuko wa mashariki wa ziwa. Mapatano ya 1 Julai 1890 yaliuendeleza mstari huo ukakata ziwa lenyewe kwenda magharibi. Kwa hiyo Kisegi ilianguka upande wa Waingereza, na Shirati, iliyo kusini kidogo tu na yenye watu wasemao Kiluo hicho hicho, ikaanguka upande wa Wajerumani. Wakuria nao waligawanywa, nusu huku na nusu kule.

Upande wa Waingereza wenyewe haukutulia. Hadi mwaka 1902 nchi hiyo ilihesabiwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza. Mwaka 1920 himaya hiyo ikageuzwa koloni la Kenya. Mzee wa Kisegi aliyezaliwa kabla ya mwaka 1886 na kuishi hadi uhuru wa mwaka 1963 alipita chini ya majina manne au matano ya kisheria bila kuhamisha kigoda chake. Na kwa kila jina, masharti ya kumdai mtu aliyevukia kwake yalibadilika. Mvuvi aliyekwenda Shirati kumtembelea mjomba wake alikuwa, machoni pa sheria, ameingia dola nyingine; na kijana aliyekimbilia huko ili asilipe kodi ya nyumba alikuwa amejiweka mahali ambapo serikali yake haikuwa na uwezo wa kumfikia, kwa maana kutolipa kodi hakumo katika makosa ambayo dola zilirejeshana watu kwa ajili yake.

3. Sheria na masharti yake

Sheria ya Uingereza ilikuwa na milango miwili, na yafaa msomaji aitofautishe tangu mwanzo, kwa sababu mengi yanayofuata yanategemea tofauti hiyo.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya mwaka 1870, iliyohusu dola za kigeni. Masharti yake makuu ni haya. Kwanza, lazima uwepo mkataba baina ya dola mbili. Baina ya Uingereza na Ujerumani mkataba huo ulitiwa sahihi mwaka 1872. Pili, kosa liwe katika orodha iliyokubaliwa, kama vile mauaji, wizi, au kughushi. Tatu, hakimu wa nchi iliyoombwa aridhike kwamba upo ushahidi ambao ungetosha kumpeleka mtu huyo mahakamani hapo hapo. Nne, akirudishwa, ashtakiwe kwa kosa lile lile lililotajwa, si kwa jingine. Tano, na ndilo sharti zito kuliko yote, asirudishwe ikiwa kosa lake ni la kisiasa.

Sheria haikueleza kosa la kisiasa ni lipi. Mahakama za Uingereza zililazimika kulijibu swali hilo mwaka 1890 katika shauri la Castioni, Mswisi aliyeshiriki katika maasi ya jimbo la Ticino na kushtakiwa kwa kumwua mjumbe wa serikali ya jimbo hilo kwa risasi. Majaji waliamua kwamba uuaji uliotendeka ndani ya maasi na kwa ajili ya maasi ni kosa la kisiasa, wakakataa kumrudisha. Kwa uamuzi huo mwasi wa Ulaya alipata kinga. Lililobaki ni kuona kama mwasi wa Afrika naye angeitwa kwa jina hilo.

Mlango wa pili ni Sheria ya mwaka 1881, iliyohusu watu waliokimbia kutoka sehemu moja ya dola ya Kiingereza hadi sehemu nyingine. Hapa hapakuhitajiwa mkataba, kwa kuwa Mfalme hawezi kufanya mkataba na nafsi yake. Ilitosha kwamba kosa linaadhibiwa kwa kifungo cha miezi 12 cha kazi ngumu au zaidi. Kwa makoloni yaliyopakana utaratibu ulikuwa mwepesi zaidi: hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu wa koloni moja iligongwa sahihi na hakimu wa koloni la pili, na mtu akachukuliwa. Hakimu aliweza kukataa ikiwa jambo lenyewe ni dogo mno au kumrudisha mtu kungekuwa dhuluma. Lakini kinga ya kosa la kisiasa haikuandikwa katika sheria hii. Waliotunga sheria waliona kwamba ndani ya dola moja hapana haja nayo: atakayemwasi Mfalme hapa amemwasi na kule.

Baina ya milango hii miwili palikuwa na kizingiti, nacho ni himaya. Nchi ya himaya haikuwa koloni. Katika sheria ya Kiingereza ilihesabiwa kuwa nchi ya kigeni ambayo Mfalme ana mamlaka ndani yake. Wamasai walionja ukali wa kanuni hiyo mwaka 1913, walipozishtaki serikali na maofisa wake kwa kuhamishwa kutoka Laikipia. Mahakama iliwajibu kwamba wao si raia wa Mfalme, na kwamba mapatano yao na serikali ni mapatano ya dola na dola yasiyoweza kuamuliwa mahakamani. Basi mtu wa himaya alitawaliwa kama raia lakini alihesabiwa kama mgeni. Ili sheria ya mwaka 1881 itumike katika himaya, ilibidi itolewe amri maalumu ya Mfalme. Na ili mkataba na dola ya kigeni uihusu himaya, ilibidi dola hiyo ikubali kwamba himaya imo.

4. Visa vitatu

4.1 Mbaruk bin Rashid, 1896

Mwaka 1895, baada ya kufa kwa Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, Kampuni ya Kiingereza ilimweka mwanawe Rashid mahali pake. Ndugu mwingine katika ukoo wa Mazrui, aliyeitwa Mbaruk, aliona kwamba haki ni yake, akapigana, akashindwa, akakimbilia Gasi kwa mkubwa wake na somo yake, Mbaruk bin Rashid. Waingereza walimtaka mzee huyo wa Gasi amtoe mgeni wake. Alisitasita, akaahidi, asitimize. Na hatimaye vita vikamfikia mwenyewe. Msomaji aone kwamba vita vya Mazrui, katika chanzo chake kimoja, vilikuwa ni ugomvi juu ya kumtoa mtu aliyeomba hifadhi. Kwa Mwingereza, Mbaruk wa Takaungu alikuwa mwasi anayepaswa kukabidhiwa. Kwa mzee wa Gasi alikuwa jamaa aliyeingia nyumbani mwake, na mwungwana hamtoi mtu aliyeingia nyumbani mwake.

Vita viliendelea hadi mwanzo wa mwaka 1896. Askari wa Kihindi walipoletwa kwa wingi, Mbaruk bin Rashid alivuka mpaka mwezi Aprili akiwa na wafuasi zaidi ya elfu moja, akajisalimisha kwa Gavana Wissmann wa upande wa Wajerumani. Walinyang'anywa silaha na kuwekwa mbali na mpaka. Mbaruk hakurudishwa. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Mtu anaweza kudhani kwamba Wajerumani walimhifadhi kwa kuwapenda Mazrui. La. Wissmann huyo huyo ndiye aliyeiongoza vita dhidi ya Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Aliyetenda Pangani kama Mbaruk alivyotenda Gasi aliitwa mhaini na kutiwa kitanzi. Aliyetenda hivyo ng'ambo ya mstari alihesabiwa mkimbizi na kupewa mahali pa kukaa.

4.2 Sayyid Khalid bin Barghash, 1896

Kisa cha pili ni mashuhuri zaidi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la ufalme bila ya idhini ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari za Admirali Rawson zililipiga jumba hilo kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao mia tano upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia nyumba ya Balozi wa Kijerumani.

Waingereza waliizingira nyumba hiyo na kutaka akabidhiwe. Balozi von Rechenberg alikataa, kwa hoja kwamba mkataba wa kurejeshana wahalifu baina ya dola zao mbili hauwahusu watu wa makosa ya kisiasa. Alichoahidi ni kwamba Khalid ataondolewa bila ya kukanyaga tena ardhi ya Unguja. Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler ilifika bandarini. Maji yalipojaa, mashua yake ilikuja hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akatoka nyumbani akaingia mashuani, akachukuliwa hadi Dar es Salaam.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha ujanja wa Wadachi. Ndani yake, hata hivyo, mna swali gumu la sheria. Khalid alikuwa ameasi dhidi ya nani? Unguja haikuwa koloni. Tangu mwaka 1890 ilikuwa nchi ya himaya, yenye Sultani wake. Waingereza walimshtaki kwa kunyakua kiti ambacho kwa sheria kilikuwa cha Sultani, si chao. Ikiwa Unguja ni dola, basi Khalid ni mgombea ufalme wa nyumba yake mwenyewe, na hakuna tendo la kisiasa kuliko hilo. Ikiwa Unguja ni mali ya Uingereza, basi ni mwasi, lakini Uingereza haikuwa tayari kusema hadharani kwamba Unguja ni mali yake. Jina la himaya, lililowafaa sana katika kutawala bila gharama, liliwafunga mikono walipotaka kumkamata mtu.

Na neno lenyewe la Kiswahili linalikaza jambo hili. Himaya ni ulinzi apewao mtu anayeuomba, na himaya ni nchi iliyotiwa chini ya ulinzi wa dola nyingine. Khalid aliomba himaya ya Wajerumani katikati ya mji ulio katika himaya ya Waingereza. Himaya mbili zilikutana katika bustani moja, na mpaka wake ukawa ukingo wa maji yaliyojaa.

Sheria haikuweza kumrudisha, vita viliweza. Majeshi ya Kiingereza yalipoingia Dar es Salaam mwaka 1916 yalimkamata Khalid na kumpeleka uhamishoni ng'ambo. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafa Mombasa mwaka 1927.

4.3 Kabaka Mwanga, 1897

Kisa cha tatu kinaturudisha ziwani. Mwezi Julai 1897 Kabaka Mwanga aliukimbia mji wake mkuu, akainua vita Buddu, akashindwa, akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Mwezi Agosti Waingereza walimwuzulu na kumtawaza mwanawe mchanga, Daudi Chwa. Wajerumani walimzuia Mwanga. Hawakumrudisha, wala hawakumwacha huru. Kabla mwaka haujaisha alitoroka akarudi Buddu kuendelea na vita. Alikamatwa tarehe 9 Aprili 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafia huko mwaka 1903.

Mwanga alizuiwa bila kushtakiwa, kwa kuwa hakuwa na kosa katika nchi ya Wajerumani. Na hakurudishwa, kwa kuwa kosa lake katika nchi ya Waingereza lilikuwa la kisiasa. Yeye ni mfano wa kwanza katika ukanda wa ziwa wa hali ambayo Afrika ya Mashariki imeizoea baadaye: mtu asiye mfungwa wala mgeni, anayewekwa akiba na serikali iliyompokea mpaka thamani yake itakapojulikana.

Visa vitatu kwa pamoja vinaonyesha kwamba katika muda wa miezi kumi na sita dola mbili zile zile, chini ya mkataba ule ule, hazikurejeshana hata mmoja wa watu hawa wakuu. Wala jambo hilo halikuwa baina ya Waingereza na Wajerumani peke yao. Machemba, kiongozi wa Wayao wa uwanda wa Makonde aliyewahi kumjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili, alikimbilia upande wa Wareno mwaka 1899. Mabeberu waliogawana ardhi kwa rula walioneana wivu mkubwa katika kugawana watu.

5. Mtoro

Kabla ya kuendelea mbele, yafaa tumkumbuke mtu wa chini ambaye hakuwa na balozi wa kumtetea. Katika pwani ya Kenya, watumwa waliowakimbia mabwana zao waliitwa watoro. Walijenga vijiji vyao, kama Fuladoyo, na wengine waliingia katika misheni ya Rabai. Mabwana walidai warudishiwe, na kwa sheria ya nchi wakati huo madai yao yalikuwa na msingi: mtumwa alikuwa mali. Wamisionari nao waliona kwamba aliyeingia kwao ni mtu.

Tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza, aliyamaliza mabishano kwa fedha. Watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, na mabwana zao wakalipwa fidia. Ilikuwa heri kubwa kwa waliokombolewa. Hata hivyo, tukiitazama hati ile kwa jicho la sheria, tutaona kwamba haikukana jina la mtoro. Ilimlipa mwenye mali bei ya jina hilo. Fikira kwamba mtu aliyekimbia ana mwenyewe, na kwamba mwenyewe anastahili kurudishiwa au kufidiwa, ilibaki palepale. Tutaikuta tena katika istilahi zetu.

6. Bendera moja

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na mstari wa Shirati ukawa mpaka wa ndani ya milki moja. Mlango wa mikataba ulifungwa. Ukafunguliwa ule wa mwaka 1881. Kwa mwizi wa ng'ombe aliyevuka kutoka Migori hadi Tarime au kutoka Tarime hadi Migori, hii ilikuwa na maana kwamba hati ya hakimu mmoja ilitambuliwa na mwenziwe, na wakuu wa wilaya mbili waliweza kumalizana kwa barua. Kwa wenye ng'ombe, bila ya shaka, hilo lilikuwa jambo jema, na haifai kulikana.

Lakini kinga ya kosa la kisiasa ilitoweka pamoja na Wajerumani. Mbaruk wa mwaka 1930 hangekuwa na Dar es Salaam ya kukimbilia. Na pale ambapo hata utaratibu mwepesi wa mwaka 1881 ulionekana mzito, serikali ziliuacha. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, serikali ya Tanganyika iliwakamata Wakikuyu wengi waliokuwa wakikaa na kufanya kazi katika Jimbo la Kaskazini, na wengi wakarejeshwa Kenya. Hili halikufanywa kwa kuthibitisha kosa la mmoja mmoja mbele ya hakimu, bali kwa amri ya kufukuza. Hapo ndipo tunapoona hila ambayo imekuwa na maisha marefu: sheria ya kumrejesha mtu ina masharti, sheria ya kumfukuza mgeni haina, basi badala ya kumrejesha, mfukuze, ila umfukuzie mikononi mwa anayemtaka.

Ukosefu wa kinga hiyo ulijulikana ulimwenguni mwaka 1963, Chifu Anthony Enahoro alipotakiwa na serikali ya Nigeria kwa shtaka la uhaini. Alikuwa amekimbilia London. Bunge la Uingereza lilibishana sana, mahakama zikaona kwamba sheria ya mwaka 1881 haiwapi nafasi ya kumwita mkimbizi wa siasa, na Enahoro akarudishwa na kufungwa. Sheria iliyotungwa ili waasi wasipate pa kujificha ndani ya milki ilikuwa bado inafanya kazi yake wakati milki yenyewe inavunjika.

7. Baada ya uhuru

Nchi zetu zilipopata uhuru zilitunga sheria zao. Tanzania ilitunga yake mwaka 1965. Kenya ilitunga moja kwa ajili ya nchi zinazopakana nayo na nchi za kigeni, na nyingine mwaka 1968 kwa ajili ya Jumuiya ya Madola. Kinga ya kosa la kisiasa iliandikwa. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wa wakimbizi, uliotamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, lisilopasa kuchukuliwa na nchi yoyote kuwa ni uadui. Kwa maandishi, basi, mkimbizi wa Afrika alikuwa na ulinzi ambao Mbaruk na Khalid hawakuwa nao.

Mtihani ulikuja upesi. Tarehe 1 Agosti 1982, jaribio la kuipindua serikali ya Kenya liliposhindwa, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu wa jeshi la anga walikimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya jeshi. Mwaka uliofuata, watu wawili waliokuwa wakishtakiwa kwa njama ya kuipindua serikali ya Tanzania, mmoja wao Hatibu Gandhi, walitoroka gerezani Dar es Salaam wakavukia Kenya. Mwezi Novemba 1983 Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha kumaliza mambo ya iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mpaka wa Kenya na Tanzania, uliokuwa umefungwa tangu mwaka 1977, ukafunguliwa. Mwezi huo huo waliokimbilia Tanzania walirudishwa Kenya, na waliokimbilia Kenya wakarudishwa Tanzania. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Hatibu Gandhi alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hatudai kwamba watu hao hawakuwa na makosa. Twasema tu kwamba makosa waliyoshtakiwa, kupindua serikali na kula njama ya kupindua serikali, ndiyo makosa ya kisiasa kwa kila maana ambayo majaji wa mwaka 1890 waliikusudia. Waliporudishwa, si kwa sababu sheria iliwaita wahalifu wa kawaida. Ni kwa sababu udugu wa dola mbili ulikuwa umerejea, na wao walikuwa katika mzigo uliozuia mlango usifunguke. Wadachi walimweka Mbaruk kwa sababu hawakuwapenda Waingereza. Jirani zetu walirudishiana watu kwa sababu walipatana. Katika hali zote mbili mtu mwenyewe hakuulizwa.

8. Suala la istilahi

Sasa tufike kwetu wanalugha. Jambo tunalolizungumza halina neno moja lililotulia katika Kiswahili. Hutumiwa urejeshaji wa wahalifu, ukabidhianaji wa wahalifu, na usalimishaji wa wahalifu. Kila moja linastahili kupimwa.

Kurejesha ni kukirudisha kitu kwa mwenyewe. Neno hili linachukua kwamba dola idaiyo ndiyo mwenye mtu, kama bwana alivyokuwa mwenye mtoro. Nalo si sahihi hata kwa mambo yalivyo, kwa sababu mtu aweza kudaiwa na nchi ambayo si yake na ambayo hakupata kukaa. Kukabidhi kunatokana na Kiarabu, na katika matumizi yetu ni kumtia mtu mkononi amana, mali au madaraka. Kunaeleza tendo bila kudai kwamba mpokeaji ndiye mwenye haki ya asili. Kwa hiyo kuna usawa zaidi. Kusalimisha kunatoka katika shina la salama. Kumsalimisha mtu kwa wanaotaka kumnyonga ni matumizi ambayo lugha imeyazoea, lakini mwanafunzi wa sheria atakayeuliza usalama uko wapi hatakuwa ameuliza swali la kipumbavu.

Shida kubwa zaidi imo katika neno la pili, wahalifu. Mtu anayedaiwa bado hajahukumiwa. Kazi ya hakimu ni kutazama kama upo ushahidi wa kutosha ili ashtakiwe. Kumwita mhalifu katika jina la sheria yenyewe ni kumhukumu katika kichwa cha waraka kabla ya kuufungua. Mhalifu, kwa asili yake, ni mtu aliyekhalifu, yaani aliyekwenda kinyume. Na hapana utawala uliokosa kuwaona wapinzani wake kuwa wamekwenda kinyume. Neno hili haliachi nafasi ya kumtenga mwasi na mnyang'anyi, ilhali kuwatenga hao ndio moyo wa sheria tangu mwaka 1870.

Tunapendekeza, kwa hiyo, ukabidhianaji wa watuhumiwa kuwa istilahi ya jumla, na mhalifu aachwe kwa yule aliyekwisha kuhukumiwa akatoroka adhabu. Neno mkimbizi lisitumiwe kama kinyume cha mtuhumiwa, kwa sababu mtu aweza kuwa yote mawili, na ni kazi ya mahakama, si ya mfasiri, kuamua lipi litangulie. Mtoro abaki katika historia, ambako ana kazi kubwa ya kutufundisha.

Yapo yatakayosemwa dhidi ya pendekezo hili. Wengine watasema kwamba istilahi zikizoeleka zisiguswe. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Kiswahili kingekuwa kimekwisha kujifunga. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake. Hati ambazo jana ziliandikwa kwa Kiingereza zitaandikwa kwa lugha ya mtu anayesimama kizimbani. Atazisoma mwenyewe, na atajua ameitwa nani.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya kurejeshana watu ilikuwa na masharti yaliyoandikwa vizuri, na kwamba masharti hayo yalifanya kazi kwa mwizi wa ng'ombe kuliko kwa mgombea ufalme. Tumeona pia kwamba dola zilipokuwa na uadui, jina la mkimbizi wa siasa lilitolewa kwa ukarimu, na zilipopatana lilikaukia kalamuni. Hii ndiyo sababu twasema kwamba mashaka yenyewe ni ya jina.

Wazee wa ufuko wa Kisegi walimpokea aliyevuka maji, wakamwita jadak, wakampa mahali pa kulima na wajibu wa kutimiza. Jina lao lilisema mtu huyo anakaa wapi na kwa nani. Halikusema amekosa nini. Hatupendekezi kwamba dola za leo ziishi kwa desturi za ukoo, kwa maana muuaji naye aweza kuvuka maji. Tunachopendekeza ni kidogo zaidi, nacho kimo katika uwezo wetu: mtu aitwe kwa jina lisilomhukumu mpaka atakaposikilizwa.